Chupa Iliyotembea Olbalbal

Chupa ile haikuwa na kwao. Nilipoanza kazi ya mifugo upande wa Ngorongoro, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilidhani kila boma lina dawa yake, kama kwetu ambako kila mama alikuwa na sufuria yake. Taratibu nikaja kuelewa kwamba kule chini, Olbalbal, chupa ya dawa ilikuwa inatembea. Leo ilining'inia kwenye nguzo ya nyumba hii, imefungwa kwa kipande cha shuka kilichochakaa. Kesho ilikuwa mkononi mwa mama anayekatiza tambarare peke yake, kivuli chake kirefu kuliko yeye. Keshokutwa ilikuwa boma jingine kabisa, imepungua upana wa kidole. Ndani yake kulikuwa na dawa ya njano, ang'avu kama asali, na jua likiipiga ilitupa doa la mwanga ukutani ambalo watoto walilikimbiza kwa viganja.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mtu aliinunua mnadani, akarudi nayo, na tangu alipoketi kupumzika ikawa ya wote. Ng'ombe wa jirani akikohoa, jirani alikuja, akapokea chai, akazungumza habari za mvua na za njia, na mwisho kabisa, akiwa amekwisha kusimama, akasema neno ambalo nililisikia hadi likawa kama mlio wa ndege wa eneo lile: "Kidogo tu."

Naye akapewa kidogo tu.

Mimi ni mtoto wa migombani, wa Kilimanjaro. Kwetu ng'ombe alifungwa bandani nyuma ya jiko, majani akaletewa kichwani, na alisikia mazungumzo yetu yote ya jioni hadi tukamwona kama shangazi mnene asiyejibu. Karatu nilikuja kwa ndoa. Mume wangu aliuza vipuri vya magari ya watalii, nami nilikuwa nimesomea mifugo, kwa hiyo nikapata kazi ya kuzunguka maboma na sanduku la chanjo. Watu waliniita dokta, ingawa sikuwa daktari kamili. Nilipowasahihisha walitikisa kichwa kwa heshima, wakaendelea kuniita dokta.

Lami ilikuwa haijafika bado. Tulitoka Karatu asubuhi tukiwa safi, na kabla ya lango la hifadhi sote tulikuwa na nywele nyekundu kwa vumbi. Kisha msitu, na ndani ya msitu, ukungu. Aliyepita njia ile anajua: unapanda huku husikii kitu ila injini, miti inakuja mmoja mmoja na kuondoka, na magari ya watalii yamesimama kando na taa zake, watu ndani wakisubiri pazia lifunguke waione kreta. Sisi hatukusimama. Tulipita ukingoni, tukaanza kuteremka upande wa pili, na ghafla ukungu ukabaki juu kama blanketi lililosahauliwa kitandani. Mbele yetu ikalala nchi yote, kavu, ya rangi ya mkate, na juu yake mistari myembamba ya vumbi ikisogea polepole. Chini ya kila mstari kulikuwa na ng'ombe wakienda majini. Mpaka leo nikiota ndoto njema, mara nyingi huwa nateremka njia ile.

Katika boma moja la huko chini aliishi bibi niliyemwita koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye masikio marefu yaliyojaa shanga, na alikuwa na namna ya kukutazama kama mtu anayepima kitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, basi. Mengine yote yalipita kwa mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyesoma hadi la saba na aliyetafsiri kwa uaminifu mkubwa, pamoja na matusi.

Koko alikuwa analea mjukuu, mtoto wa kike aliyekuwa bado hajakaa vizuri mwenyewe. Mama wa mtoto, binti wa koko, alikuwa amelazwa hospitali Karatu kwa kifua kikuu, na matibabu yake yalikuwa marefu. Manesi walikuwa wamemwambia mtoto abaki nyumbani na mama apone kwanza. Siku ya kuagana koko alimwahidi binti yake jambo moja, na kila nilipofika alinirudia ahadi ile kwa mdomo wa mkwe wake: "Nimemwambia, siku utakayorudi, utajaribu kumnyanyua huyu mtoto na utashindwa."

Ahadi ile ilitegemea ng'ombe mmoja. Alikuwa wa rangi ya majivu, pembe moja imeinamia jicho kama mtu aliyevaa kofia upande, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yanamkuza mtoto. Wengine katika zizi la koko walikuwa wamekauka kwa kiangazi, au walikuwa wamehamishwa na mwanawe kwenda kutafuta majani mbali, njia ya Loliondo. Alibaki huyu.

Asubuhi niliyomkuta ng'ombe huyo anaumwa, koko hakunisalimia kwa kirefu. Alinishika kifundo cha mkono akanipeleka zizini. Robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba, ngumu na ya moto, na ng'ombe alirusha mguu kabla sijagusa. Nilikamua kidogo kwenye kiganja. Yalitoka maji ya njano yenye mabonge, kama maziwa yaliyoganda kwa hasira.

"Amepata dawa?" nikauliza.

"Amepata," mkwe akasema. "Ile ya njano."

"Kiasi gani?"

Mkwe akamuuliza koko. Koko akaonyesha kwa kidole gumba, sehemu ya juu ya ukucha.

"Mara ngapi?"

Hapo mazungumzo yakawa marefu. Nilisubiri. Mbuzi mmoja alikuja kunusa sanduku langu akaondoka. Mwishowe mkwe akasema, "Anasema kila chupa ilipopita hapa. Akichomwa anapata nafuu, uvimbe unashuka, halafu chupa inaondoka, uvimbe unarudi. Sasa hata chupa ikija haushuki. Anasema dawa imezeeka."

Nilitamani nikae chini palepale kwenye samadi. Hakukuwa na uzembe pale. Ule ulikuwa ukarimu. Mwaka ule na mwaka uliotangulia, dawa ile ya njano ilikuwa imegusa kila mnyama wa maboma yale: anayekohoa, anayeharisha, anayechechemea, mbuzi aliyejichubua, na hata kidonda cha mzee mmoja ambacho nilikiona kwa macho yangu. Kila mmoja alipata kidogo, kwa sababu kumpa mmoja dozi nzima ilikuwa kumnyima mwingine. Watu waliozoea kugawana kila kitu waligawana na hiki.

Tukaketi kivulini mwa ukuta, koko na mkwe na mimi, mtoto akiwa katikati yetu ananyonya kona ya shuka. Nikajaribu kueleza. Kueleza ni kazi ninayoipenda. Mtu hajui jambo si kwa sababu ni mjinga, hajui kwa sababu halijapita mbele yake, na ukilipitisha polepole atalitambua.

"Koko, fisi akija zizini usiku, mnafanyaje?"

Koko alicheka kabla mkwe hajamaliza kutafsiri. Akajibu, na mkwe naye akacheka.

"Anasema, mtoto wa mlimani, wewe umewahi kumpiga fisi?"

"Hapana."

"Anasema basi yeye atakufundisha fisi, wewe umfundishe dawa."

"Nakubali. Mwambie: fisi wamekuja kundi. Ukiwarushia jiwe moja halafu ukaingia kulala?"

Koko akainua mikono. "Watarudi," mkwe akatafsiri. "Yule aliyeumia kidogo ndiye atakayerudi wa kwanza, na hatakimbia jiwe tena, kwa sababu ameshalijua. Anasema, fisi wa hivyo anazaa watoto wasioogopa watu."

"Basi, koko, umeshanifundisha na dawa pia," nikasema. "Ndani ya kiwele kuna vijidudu, vidogo hata jicho halivioni, na ni vingi kuliko mchanga wa huku. Dawa ndiyo mawe. Ukivipiga kidogo tu, vile dhaifu vinakufa na uvimbe unashuka, unafurahi. Vinabaki vile vigumu, vilivyoonja jiwe na kulizoea. Hivyo ndivyo vinavyozaa. Chupa ikirudi, inakuta watoto wao. Dawa haijazeeka. Ila vijidudu vya hapa vimekua vikiijua."

Mkwe alitafsiri. Koko alimwondoa mtoto shuka mdomoni, akamrudishia. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Anasema, kule hospitali, nesi alisimama mbele ya binti yake na vidonge na maji. Hakuondoka mpaka ameona koo linameza. Kila siku. Na kulikuwa na mgonjwa kitanda cha pili anakohoa vilevile, na hakuna aliyesema mpe na huyu kidogo. Yeye aliona nesi yule ni mchoyo sana. Anauliza, ni kwa ajili ya fisi?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni kwa ajili ya fisi. Na yule wa kitanda cha pili ana vidonge vyake, kamili, kama vya binti yako."

"Aa," akasema koko, kwa sauti ya mtu aliyepata sindano iliyopotea kwenye mkeka.

Ilibaki kusema sehemu ngumu. Kulikuwa na dawa nyingine, nyeupe, ya kutikisa kabla ya kuvuta kwenye sindano, pamoja na mirija midogo ya kusukumia dawa ndani ya chuchu. Ningeileta safari ijayo. Hadi hapo wamkamue upande ule mara kwa mara, wakande kwa maji ya uvuguvugu. Nikileta dawa, yote itaingia kwa ng'ombe huyu mmoja, hadi mwisho wake. Na siku zote hizo za dawa, na nyingine kadhaa baada yake, maziwa ya chuchu zote nne yatamwagwa.

Mkwe alinitazama kuhakikisha amesikia vizuri. "Yamwagwe?"

"Yana dawa ndani yake. Mtoto akiyanywa, anakunywa kidogo tu ya ile dawa kila asubuhi. Unaona? Vijidudu vya tumboni mwake navyo vitaanza kujifunza."

Kwa Wamaasai maziwa humwagwa kwa baraka tu, hayatupwi. Koko alitazama mbali, kule vumbi lilikokuwa linasogea, na akaeleza kwa sauti ya chini. Mkwe alisita kutafsiri. "Anasema, sawa. Lakini mtoto atakunywa nini?"

Boma moja tu la karibu lilikuwa bado na maziwa ya kutosha, la shemeji yake koko, mdogo wa marehemu mume wake, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. "Hilo si tatizo," mkwe akasema. "Kwa yule tutaomba."

Nilipanda kurudi Karatu. Usiniulize kama huko juu mambo yalikuwa afadhali. Jirani yangu mmoja pale mjini, mama mchapakazi, alitia unga wa dawa kwenye maji ya vifaranga kila alfajiri kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga, wagonjwa na wazima, ili wasije wakaugua. Niliongea naye kwenye ua, jioni nyingi, akiwa anachambua maharage. Alinisikiliza kwa upole, na siku moja akaacha, na vifaranga wakakua tu vizuri, na akasema ni kwa sababu amehamisha banda. Nilikubali. Kama banda lilimsaidia kuacha, basi lilikuwa banda zuri.

Niliporudi Olbalbal na dawa nyeupe, gari la kazi liliniacha bomani likaendelea na safari zake, likaahidi kunipitia. Nikawa mgeni katika nyumba ya koko, ndani ya lile giza lenye harufu ya moshi na maziwa, ambamo mwanga huingia kwa kitundu kimoja na kutembea ukutani siku nzima kama mtu asiye na haraka.

Tukaanza. Ndama alisogezwa mbele ya mama yake ili amlambe, kwa sababu ng'ombe wa kule hashushi maziwa bila kumwona mwanawe, kisha akashikiliwa pembeni huku analalamika. Tulimkamua hadi tone la mwisho. Nikasukuma dawa chuchuni, nikamchoma sindano ya shingo. Koko alichukua kibuyu cha maziwa yale, akatoka nje ya ua wa miiba, akayamwaga kwenye shimo tulilochimba ili mbwa wasiyafikie. Akachuma majani makavu, akaweka juu yake. Sijui alisema nini. Mkwe hakutafsiri, na mimi sikuuliza.

Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu wakati shemeji alipoingia.

Alikuwa mrefu, shuka lake limefungwa begani, na alizungumza Kiswahili cha mnadani, cha haraka, kilichojaa bei. Alisalimia, akaketi, akapewa chai. Akazungumza habari za mvua ambayo haikuwepo. Akazungumza habari za barabara. Akasimama. Mimi nilijua, na mkwe alijua, na nadhani hata mbuzi walijua.

"Shemeji," akamwambia koko, "dume langu kubwa anachechemea. Naona dokta amekuletea dawa mpya. Nzuri, nyeupe kama maziwa. Nipe kidogo tu."

Koko hakuwahi kumnyima mtu kitu. Si shemeji, si mpita njia. Nilimwona akitazama chupa, akimtazama mtoto aliyelala kwenye ngozi, akimtazama shemeji yake ambaye ndiye mwenye maziwa. Nilifungua mdomo nimsaidie, nikaufunga. Halikuwa langu lile.

Alijibu kwa Kimaasai, polepole. Mkwe alikandamiza midomo ili asicheke, akanigeuzia: "Anasema, dawa hii si yake. Ni ya ng'ombe wa majivu. Nenda zizini kamwombe mwenyewe."

Shemeji alibaki amesimama, kikombe mkononi. "Nikamwombe ng'ombe?"

"Ukimwomba vizuri," koko akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha sokoni, "labda atapunguza."

Shemeji hakucheka. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mno, akachukua fimbo yake, akatoka. Tulisikia viatu vyake vya matairi vikikanyaga mawe, kisha hatukusikia tena. Koko aliketi. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona imetulia, ilikaa mapajani imefunguka kama ya mtu aliyedondosha kitu kisimani.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Joto lilipanda kutoka ardhini, likaifanya milima ya kreta ielee juu ya tambarare kama inafikiria kuondoka. Mtoto aliamka akalia. Mkwe akampa maji ya uvuguvugu, akalia tena. Kulikuwa na unga kidogo, akapika uji mwepesi, na mtoto akautema kwa dharau.

"Nitakwenda kule kwa shemeji," mkwe akasema.

Koko alitikisa kichwa. Mkwe akanieleza kwa sauti ya chini: "Anasema mtu uliyemnyima asubuhi huwezi kumwomba jioni. Anasema ni aibu ambayo haijawahi kufanyika hapa."

"Basi nimtafute dereva yeyote, aniletee maziwa ya pakiti kutoka Karatu."

"Dokta," mkwe akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "gari lako liko wapi?"

Nilikubali. Nikachukua mtoto, nikamweka begani, tukatembea uani kutoka kivuli hadi kivuli. Alikuwa mzito kwa umri wake, na nilihesabu hilo kama neema, nikiomba uzito ule usianze kupungua mikononi mwangu. Nilimwimbia nyimbo za migombani, ambazo hakuzielewa. Alinitazama kama bibi yake, akinipima.

Jua likainama. Ng'ombe wakaanza kurudi, kengele zao zikisikika kabla wao hawajaonekana, na vumbi likageuka kuwa kitu cha dhahabu ambacho kila mtu anayetoka ndani yake anaonekana kama anazaliwa. Ndani ya vumbi lile akatokea mwanamke mnene, amebeba kibuyu kirefu chenye mkanda wa shanga. Alikuwa mke mkubwa wa shemeji.

Aliingia bila kubisha, akamchukua mtoto begani kwangu bila kuomba, akaketi. Akamsemesha koko maneno mengi ya kasi. Mkwe alitafsiri kwa vipande, akikimbizana naye.

"Anasema mume wake amerudi nyumbani amevimba kama kiwele. Anasema amezunguka boma zima akieleza kwamba ametumwa kwa ng'ombe. Anasema..." Mkwe akashindwa, akafuta macho. "Anasema alicheka mpaka akakaa chini."

"Na maziwa?" nikauliza. "Ameruhusu?"

Mkwe akauliza. Yule mama aligeuka, akanitazama mimi moja kwa moja, na jibu lake nalikumbuka hata kwa sauti yake, ingawa lilipita kwa mdomo wa mwingine.

"Anasema, dawa ni mambo yenu. Ng'ombe ni wa mume wake. Lakini maziwa yakishaingia kwenye kibuyu ni yake yeye, na yeye hajanyimwa kitu na mtu yeyote leo."

Nilikuwa nimefanya kazi kule muda wa kutosha kujua kwamba kwao mgawaji wa maziwa ni mwanamke, na bado sikuwa nimeona nguvu ya jambo lile mpaka jioni hiyo. Koko hakusema asante. Alisogea akakaa karibu yake, bega kwa bega, wakachemsha maziwa kama nilivyokuwa nimewafundisha, na wakati yanapoa mtoto aliyaangalia kwa macho yote mawili bila kupepesa. Aliponyweshwa alishika kikombe kwa mikono yote na kuguna. Nje, ng'ombe wa majivu alikuwa anacheua, akiwa na dawa yake yote mwilini, bila kujua kwamba ameombwa ruhusa.

Kesho yake nilikwenda kuliona lile dume, kwa sababu lilikuwa linachechemea kweli na halikukosea chochote. Shemeji alinipokea kwa heshima ya baridi. Tulilifunga, nikainua mguu, nikasafisha kwato kwa maji. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole changu, ulikuwa umezama katikati. Niliutoa kwa koleo, nikaosha shimo lake kwa maji ya chumvi, nikamwambia asilipeleke mbali kwa siku chache.

"Na sindano?" akauliza.

"Hakuna sindano, mzee. Lilichokuwa linahitaji ni kutolewa mwiba."

Aliuchukua mwiba kiganjani, akaugeuza mara mbili tatu. "Kwa hiyo hata ng'ombe angekubali, ningeondoka na dawa isiyo na kazi?"

"Ungeondoka na kidogo tu."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikubwa kilichowainua kunguru mgongoni mwa punda. "Nyinyi wanawake mmenizunguka," akasema. "Mmoja ananituma kwa ng'ombe, mmoja ananigawia maziwa nyuma ya mgongo, na wewe unanionyesha mwiba." Kisha akauliza, sasa bila mzaha, kuhusu vile vijidudu, ni kweli vinazoea? Nikaketi juu ya jiwe, nikaanza tena kutoka kwa fisi. Yeye alijua mengi kuhusu fisi.

Tulimaliza dawa yote, hadi chupa ikalia tupu. Maziwa yalimwagwa siku zote nilizosema, na kila jioni mwanamke mnene alitokea ndani ya vumbi la dhahabu. Robo ile ya kiwele ilipoa, ikalegea, lakini ilikuwa imeumia muda mrefu mno. Haikutoa tena kitu. Zile tatu zilibaki nzima, na siku niliyosema sasa mnaweza, koko alikamua kwenye kiganja chake, akayatazama maziwa kwenye mwanga, akaonja kwanza yeye mwenyewe.

Chupa ya njano haikuacha kutembea mara moja. Ningekudanganya nikisema hivyo. Lakini ilianza kutembea kwa namna nyingine. Wakawa wanaiacha imfuate mnyama mmoja, imalizike kwake, na nyumba yenye ng'ombe mgonjwa ikawa inaletewa maziwa na nyingine mpaka yake yafae kunywewa. Sikuwafundisha hilo la maziwa. Nilikuwa nimebeba nusu tu ya jibu kwenye sanduku langu. Nusu nyingine ilikuwa kule tayari, kwenye vibuyu.

Binti wa koko aliruhusiwa kurudi nyumbani mvua zilipokuwa zimeanza. Nilimpakia mimi kwenye gari letu pale Karatu, akiwa na mfuko wake wa vidonge vilivyobaki ameukumbatia kifuani. Tulipita kwenye ukungu. Tulipotoka chini yake, Olbalbal ilikuwa ya kijani, kijani laini ambacho unaogopa kukikanyaga, na binti alifunika uso kwa kanga akalia kidogo.

Mtoto alikuwa anatambaa uani. Mama yake aliinama, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akanyanyua. Alimfikisha magotini tu. Akajaribu tena. Miguu yake ilikuwa bado ya hospitali, na ilibidi amrudishe mtoto chini na kukaa naye hapohapo kwenye nyasi mpya, akicheka huku anahema, na koko amesimama juu yao na mikono kiunoni, kama mtu anayetazama nyumba yake iliyokamilika.

Jioni binti akataka kukamua mwenyewe. Alichuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wa majivu, akavuta chuchu moja, ya pili, ya tatu, maziwa yakipiga ndani ya kibuyu kwa ule mlio wa mvua ndogo. Alipofika ya nne, vidole vyake vikasimama.

"Mama, hii imekuwaje?"

Koko alikuwa ameketi mlangoni, mtoto amelala mapajani mwake, mzito, mdomo wazi. Mkwe alinitafsiria kwa kunong'ona ili asimwamshe.

"Hiyo," koko alisema, "ndiyo tuliyoigawa kidogo kidogo."